Kabla ya lifti, toboa sakafu

Wiki iliyopita jamaa yangu wa Uyole kanipigia simu, sauti imechangamka kama mtu aliyepata kiwanja cha barabarani. "Kaka, njoo uone mashine." Mimi fundi wa bodi, nikaacha Noah ya watu nusu imepakwa puti (Juni hii Mbeya puti yenyewe inakauka kwa kudra za Mungu), nikadandia daladala.

Mashine kweli ipo. Lifti ya kunyanyulia magari, ya nguzo mbili, nyekundu, ubavuni imeandikwa tani nne. Vijana wanapiga nayo picha. Fundi wa kuifunga ndiyo kwanza anatoboa tundu la tatu la bolti. Nikachuchumaa nitazame. Vumbi lilikuwa linatoka jeupe, vumbi la zege. Drili haijazama hata urefu wa kidole changu, vumbi likageuka jeusi. Udongo! Huu udongo wetu mwepesi wa volkano, unaoumwagia ndoo ya maji ukainywa yote.

"Fundi, hebu simama kwanza."

"Mzee, usiogope, bolti zinashika."

Zinashika nini?

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa. Mtu akitaka lifti anauliza mawili tu: tani ngapi, bei gani. Zile tani nne ni za chuma. Sakafu hakuna aliyeiandika kitu. Kwenye nguzo mbili gari zima linaning'inia kwenye mikono ya lifti, mikono inazivuta nguzo ziinamie ndani, na kinachozizuia ni bolti chache zilizong'ata zege. Kwa kawaida watengenezaji wanataka zege la milimita 100 au zaidi, tena lililoiva siku 28. Sisi tunamwaga inchi mbili, tunapiga niru juu, inang'aa, mteja anasifia. Niru!

Na sisi mafundi wa bodi, wanyoosha magari, ndio wa kuogopa zaidi. Fundi injini anapandisha gari lililo kamili. Sisi tunapandisha lililovuliwa boneti, bampa, siku nyingine na injini, uzito wote umehamia nyuma. Halafu mikono ya lifti inashika chini ya milango, pale pale palipoliwa na kutu au palipobonyea kwa ajali. Unamnyanyua mgonjwa kwa kumshika kidonda.

Ndiyo maana mimi nilichukua ya mkasi, ile fupi inayopanda usawa wa kiuno. Nayo inataka sakafu ngumu na iliyonyooka, lakini uzito unatua kwenye kitako kipana, hauning'inii kwenye bolti. Hakuna anayeipiga picha. Ila kunyoosha mlango hakuhitaji gari liguse dari. Haya, nakubali: siku ya kuchomelea chasisi nalala chini na kadibodi yangu kama zamani, na siku hiyo wenye nguzo mbili nawaonea wivu. Siku hiyo tu.

Nguzo nne? Nzuri kwa sailensa. Gari limekalia matairi yake, na ukitaka kuvua tairi unyooshe fenda, tafuta jeki nyingine tena.

Mota uliza kabla hujalipa, ni ya umeme wa fezi moja au tatu. Na ukishapandisha, ishushe kidogo ikalie loki za chuma, maisha ya kijana wako usiyaachie mafuta yanayoinyanyua.

Basi, jamaa akaniuliza, "Sasa nifanyeje, na hela nimeshatoa?" Nikamwambia akate sakafu chini ya kila nguzo, achimbe, asuke nondo, amwage zege la maana, asubiri mwezi.

"Mwezi? Kaka, nimeshawaambia wateja Jumatatu!"

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa aliyemuuzia, maana hata kumuuliza gari linatua juu ya nini hakumuuliza.

Jana nimepita pale. Nguzo zimelazwa ukutani, zimefunikwa turubai, na katikati ya gereji kuna viraka viwili vya zege bichi, kila kimoja kipana kama kitanda. Jamaa hajanisalimia vizuri. Lakini mkononi alikuwa na ndoo, anamwagilia.