Tezi Iliyovimba Shingoni: Sindano au Kisu?

Mtu mzima akija na tezi shingoni, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kifua kikuu (TB) na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, havitofautishwi kwa macho. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huanza sindano nyembamba, geji 22 hadi 25: inanyonya seli, zinapakwa kwenye slaidi, na majimaji yanayobaki hupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta vimelea vya TB. Ni nafuu, na majibu huweza kutoka siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, wanaoitetea sindano wana haki. Limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, huweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Seli zake za bluu iliyokolea, zenye vitundu vyeupe, msomaji mzoefu huzitambua haraka. Huyo hasubirishwi foleni ya upasuaji.

Kwa mtu mzima mambo hugeuka. Kwenye limfoma ya Hodgkin seli zenye saratani ni chache mno, mara nyingi takriban asilimia 1 tu ya tezi, na sindano huzikosa kirahisi. Aina nyingine za limfoma hutambulika kwa mpangilio wa seli, na mpangilio huo sindano huuvuruga. Jibu la “hakuna saratani” likitoka hapo, mgonjwa huanzishiwa dawa za TB za miezi sita huku ugonjwa ukisambaa. Ndiyo maana nashikilia kwamba tezi itolewe nzima kwa upasuaji.

Lakini kisu nacho huharibiwa na uzembe mdogo. Daktari huchagua tezi ya kinena kwa kuwa ni rahisi kufikia, ilhali hiyo huvimba hata kwa vidonda vya miguu. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ikitangulia, seli za limfoma huyeyuka na kinyama hakisomeki. Tezi ikisukumizwa nzima kwenye kichupa kidogo, katikati huoza na kipimo cha CD20, alama iliyo juu ya seli inayoamua kama dawa ya rituksimabu itafaa, hushindikana. Ikatwe vipande, itiwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama) ya asilimia 10 iliyo mara 10 ya ujazo wake, ikae saa 6 hadi 72.

Aliyeanzishiwa dawa za TB bila vimelea kuonekana apimwe tezi kwa rula baada ya wiki nne, kuona kama inapungua au inakua. Ni kweli tezi za TB nazo huweza kuvimba zaidi dawa zikianza, ila bila uthibitisho wa vimelea, uvimbe huo ni sababu ya kukata, si ya kungoja.