Kiroba mfukoni mwa bodaboda

Kila nikisikia madereva wamepulizishwa kipimo cha ulevi barabarani, namkumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyenipakia asubuhi, miaka kama kumi iliyopita. Tulipofika alizima pikipiki, akatoa kiroba cha pombe kali mfukoni mwa shati, akakikata kwa meno, akakimaliza kwa mkupuo mmoja, ndipo akapokea nauli. Hata saa moja haijafika. Sikumwambia kitu, na hadi leo inaniuma, maana abiria aliyefuata alipanda nyuma yake bila kujua.

Siku zile kiroba kilikuwa kama shilingi 500, pombe kali ndani ya kipakiti cha plastiki. Kilikaa dukani kando ya sabuni na kiberiti, na stendi kiliuzwa pamoja na karanga. Anayekunywa baa huonekana, na wenzake wanaweza kumnyang'anya ufunguo. Wa kiroba nani angemwona?

Ndiyo maana marufuku ya viroba iliyotangazwa na Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ikaanza tarehe 1 Machi 2017, mimi naihesabu kuwa hatua ya usalama barabarani, ingawa wengi waliijadili kwa habari ya afya ya vijana na takataka za plastiki. Trafiki humkuta dereva ameshalewa. Bei ya pombe, saa za baa na ukubwa wa chupa humkuta kabla hajanywa. Tunahitaji vyote, lakini nguvu zetu tumezimalizia kwa trafiki.

Na tumelegea. Vijiweni sasa naona vichupa vidogo vya pombe kali vinavyoingia mfukoni vilevile. Saa za kuuza pombe ziliwekwa tangu Sheria ya Vileo ya 1968, lakini mtaani kwetu saa nne asubuhi meza za baa zina watu, na baadhi yao wameegesha pikipiki nje.

Halafu kuna kiwango chenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani inamvumilia dereva hadi miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 50, na 20 kwa vijana na madereva wapya. Kijana aliyejifunza pikipiki wiki mbili zilizopita, mwenye magurudumu mawili tu ya kumshikilia na mama na mtoto nyuma yake, anastahili kuachiwa 80 kweli?

Ningesikilizwa Dodoma, ningeomba 20 kwa yeyote anayebeba abiria, na pombe kali isiuzwe kabisa ndani ya stendi. Stendi ninayopandia mimi, duka la kwanza ukipita geti lina rafu nzima ya vichupa hivyo. Hufunguliwa kabla basi la kwanza halijaondoka.