Tembo hakunywa, alinusa tu (kuna tofauti)

Haya jamani nimeona. Ile video ya sekunde 11 ya mimi na tembo imefika mpaka grupu la ukoo upande wa mama, leo asubuhi nimetumiwa na mjomba ambaye maisha yake yote hajawahi kunitumia kitu zaidi ya heri ya mwaka mpya, kaandika tu "Huyu ni wewe?" Ndiyo mjomba. Hiyo miguu ni yangu. Ila nyie mliosikiliza ile voisi ya dakika 4 ya Mangi, niliyesafiri naye, anayosema tembo alikunywa maji niliyoyakalia, mmelishwa matango pori, Mangi alikuwa ndani ya gari vioo vimepandishwa anacheka mpaka machozi, ataonaje vizuri? Ngoja niwaambie mimi niliyekuwa ndani ya deli, yaani lile boksi la kuwekea vinywaji na barafu.

Safari mnaijua, ile ya hifadhi ya Ruaha tuliyoichangia tangu mwezi wa tano, watu 6 na dereva, mzee mmoja wa Kihehe mwenye Kruza yake, siku 6 kwenye mahema. Kila mtu alipewa wizara. Mangi hela, akina dada jiko, mimi nikajipa (sikupewa, nilijipa) wizara ya baridi. Na kwenye grupu la safari nikaandika, skrinshoti wanazo wanaitembeza, "bia ya siku ya sita itakuwa ya baridi kuliko ya siku ya kwanza". Msiniulize nilitumwa na nani. Kuna mtu kwenye lile grupu nilitaka asome. Tuishie hapo.

Deli niliazima kwa shangazi yangu wa Mbagala, lile kubwa la bluu analouzia maji na soda kituoni. Hili la shangazi lishikeni, tutalirudia.

Saa kumi na moja alfajiri nipo Feri pale soko la samaki nanunua barafu. Mzee anayeuza, mtu ambaye mikono yake imeshika barafu kabla mimi sijazaliwa, akaniuliza bosi unaipeleka wapi, nikamwambia Ruaha, siku 6. Akasema basi beba mabonge hivi hivi yalivyo, bonge linayeyuka kwa nje tu taratibu, ukilisaga linakuishia njiani. Nikamwangalia kwa huruma. Nikamwambia saga. Na hela ya kusaga nikaongeza.

Maana mimi nilikuwa na siri. Nilikuwa nimeangalia video ya dakika moja jamaa anaonyesha kwamba ukimwagia barafu chumvi inakuwa ya baridi zaidi, ndivyo walivyokuwa wanatengeneza aiskrimu zamani kabla ya friji. Na ni kweli, sio uongo! Barafu inayoyeyuka peke yake inakaa kwenye nyuzi sifuri, ukiipiga chumvi ya kutosha inaweza kushuka mpaka 21 chini ya sifuri. Ambacho yule jamaa hakukisema, au alikisema mimi nikawa nimeshafunga, ni kwamba inashuka hivyo kwa sababu inayeyuka. Yaani ule ubaridi wote ni barafu inajimaliza mbele ya macho yako. Mimi nikamwaga pakiti 6 za nusu kilo juu ya barafu iliyosagwa, nikafunga mfuniko, nikaukalia, nikajiona profesa.

Mpaka Morogoro nilikuwa mfalme. Soda zinatoka zimeganda shingoni, Mangi kanywa moja akashika kichwa. Tumepita Mikumi tunatambaa kwa ajili ya wanyama, kila mtu ananisifia, yule mtu kasema "eh, kumbe upo siriasi". Aisee. Hiyo sentensi nimelala nayo.

Ruaha Mbuyuni (hapo bado ni njiani, sio hifadhini) tukasimama kununua vitunguu, nikafungua deli kwa mbwembwe mbele ya wauza vitunguu. Bia tatu zimepasuka chupa. Mayai trei nzima yamechanika katikati kama yamekatwa na kisu. Nyanya ukiigonga inaita ko ko ko. Mtu mwenye akili hapo angeshtuka, mimi nikasema "mnaona baridi hiyo?" Wakati tunapanda mlima Kitonga nyuma ya semi-treila lililokuwa linapumua kama mgonjwa nikaanza kusikia kule nyuma chwaa, chwaa, chwaa. Nikaongeza sauti ya redio.

Kesho yake kutoka Iringa kuelekea getini barabara ni ya vumbi na marasta, ile chwaa ikawa haifichiki tena. Tungamalenga, kijiji cha mwisho mwisho kabla ya hifadhi, mzee akasimamisha gari bila kuniuliza, akafungua deli, akaangalia muda mrefu. Barafu hakuna. Kuna maji, yana rangi ya nyanya, na kilo 6 za nyama zimetoka kwenye mfuko zinaogelea humo na maganda ya mayai. Mzee akachovya kidole akaonja. Akanigeukia, akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, umeleta bahari."

Ile nyama tulipika usiku huo bila kuweka chumvi hata chembe. Tulichemsha tukamwaga maji, tukachemsha tukamwaga, mara tatu. Yule mtu akatafuna kidogo akaniuliza, "Kaka, hii ni ng'ombe au nguru?" Kaniita kaka. Nyie mnaelewa uzito wa hiyo kaka, sina haja ya kueleza.

Na kilichoniuma zaidi, yule mzee alikuwa na maji ya baridi. Muda wote! Kaviringisha chupa zake kwenye gunia, kalilowesha, kalitundika kwenye tawi upande wa upepo, basi. Maji yanapoza koo kama ya kwenye mtungi wa bibi, si mnajua mtungi unavyotoa jasho kwa nje huku ndani panapoa? Ndiyo hiyo hiyo. Nikamuuliza mbona Dar hatufanyi hivi akacheka, Dar hewa yenyewe imelowa mwanangu, jasho lako tu halikauki, gunia litakaukaje. Huku Oktoba kumekauka mpaka midomo inapasuka. Akaniambia pia lile deli nikalimwage, tena nikamwage mbali kule kwenye shimo la taka, nisimwage kambini. Mnasikia, MBALI. Nilisikia na mimi.

Siku ya tatu saa sita mchana wenzangu wakaenda kuangalia simba, mimi nikasema nabaki kulinda vyakula. Vyakula gani sijui. Ukweli nilikuwa nimenuna. Jua la pale jamani, mto Ruaha wenyewe umebaki vidimbwi, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji, na mimi nimekaa kwenye stuli ya plastiki nayeyuka kama barafu yangu. Jicho likaenda kwenye deli, liko chini ya mkwaju, kivuli kizuri. Nikaingiza mkono. Maji bado ya baridi! Sio baridi ya kuringia, lakini baridi.

Sasa hapa ndipo mnapopenda, haya kaeni vizuri.

Nikamwaga nusu pale pale kwenye shina la mkwaju ili nipate nafasi. Nikavua nikabaki na boksa. Nikaweka makalio taratiiibu, magoti juu, miguu nje, mgongo umebana ukuta wa nyuma. Nikasema aaah. Kwa sekunde kama tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Iringa. Halafu chumvi ikakutana na sehemu ambazo mbung'o walikuwa wameniuma. (Ambao hamjaumwa na mbung'o, ni nzi anayechoma juu ya jinzi. Na mimi siku ya kwanza nilivaa kaptula.) Nikapiga kelele nikataka kuruka, sikuruka. Deli likainuka na mimi. Nikajisukuma kushoto, likaja kushoto. Nimenasa kama kizibo, kila nikijivuta kule chini panavuta pia, hata mkono haupiti pembeni.

Nikatulia nifikirie. Ndipo nikaona kivuli cha mkwaju kimeongezeka.

Watu hamjui kwamba tembo anatembea kimya. Mnyama mzito vile, hakuna hata jani lililolia. Nimegeuza shingo taratibu, naona goti. Goti lenye mikunjo kama suruali ya kitenge isiyopigwa pasi. Napandisha macho, goti bado linaendelea. Dume, kijana, meno mafupi, masikio yanapepea polepole, na tumboni kwake kunanguruma kama jenereta la jirani. Umbali wake nyie kadirieni wenyewe: Mangi kasema hatua 2, mimi nasema 4.

Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kwa ajili ya chumvi. Tembo wanapenda chumvi kufa, wanaisafiria, wanachimba udongo wenye chumvi wanakula, na mimi nimemwagia udongo mzima pale shinani nikajiweka pembeni kama mwenye duka. Akashusha mkonga, ile ncha yake ina kama vidole viwili, akabana udongo ule uliolowa akatia mdomoni. Akatafuna. Akaongeza. Mimi nilisali Baba Yetu nikaingia Kulhuwallahu bila kuweka nukta, yoyote atakayewahi kuisikia aje.

Udongo mtamu ukaisha. Mkonga ukaanza kutafuta. Ukapita kwenye stuli, ukapita kwenye viatu vyangu, ukaja kwenye deli. Ukagusa ukingo. Ukanusa goti la kulia, pumzi ya moto, inanuka majani yaliyochacha. Ukahamia goti la kushoto. Na ndipo gari la wenzangu likawa limefika kwenye kona, likazima injini, na ndiyo sekunde 11 mnazozishea. Kwenye video mnasikia sauti ya askari wa hifadhi inanong'ona "kaka usisogee". Nisogee na nini afande?

Mkonga ukashuka katikati ya magoti, ukasimama juu ya maji. Mangi anawaambia tembo alikunywa. HAKUNYWA. Alinusa. Alinusa kwa utulivu kama mama anayekagua samaki sokoni, akakaa kidogo kama anafikiria, halafu akapuliza pfuuuu! maji yote yakanirukia usoni, akageuka akaondoka zake. Yaani tembo, mnyama anayetembea mwendo wa usiku kucha kwa ajili ya chumvi, amenusa maji niliyoyakalia mimi akaona hapana, bora nibaki na hamu yangu.

Mengine ya kawaida. Wawili walishika deli, wawili wakanishika makwapa, nikatoka kwa mlio ambao nashukuru haumo kwenye video, boksa ilibaki ndani, ndiyo maana video inakatika pale, mshukuruni yule mtu ndiye aliyeziba kamera kwa mkono. Mfuniko ukapata ufa. Askari akanisema nusu saa kuhusu kumwaga chumvi kambini, tembo akizoea kula kwa watu anarudi kwenye mahema, na alikuwa na haki, nikabeba ule udongo kwa koleo mpaka usiku. Siku tatu zilizobaki tukala maharage na dagaa wa Tungamalenga, tukanywa soda za moto, na maji ya gunia la mzee kwa foleni, mimi wa mwisho.

Jina langu sasa hivi ni Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Hata mzee wa watu kanipigia jana kuuliza kama tulifika salama, kaanza na "kamwene Ng'onda". Yule mtu naye kila asubuhi ananitumia kikatuni cha samaki bila maneno. Samaki mmoja tu. Mwenye uelewa na hizi lugha aniambie kama ni dalili nzuri au vipi, njoo inboksi, usiandike hapa chini.

Na wewe shangazi, najua unaye yule binti wa jirani anayekusomea mambo ya mtandaoni. Ufa wa mfuniko ni barabara, barabara ya Ruaha ni mbaya sana muulize yeyote. Deli nimeliosha. Na jiki. Mara tatu. Naomba tu ukae nalo siku mbili tatu bila kuweka soda za watu.