Sijapaki, Nimesimama Tu

Tangu mama yangu apate kiharusi, upande wake wa kulia umelegea. Kila mwezi nampeleka kliniki hapa Dar es Salaam. Yeye hukaa siti ya mbele, kitimwendo kimekunjwa kwenye buti. Hospitali tunayokwenda ina nafasi mbili karibu na mlango zilizochorwa alama ya kitimwendo, na pembeni ya kila moja kuna eneo la mistari ya mshazari.

Mwezi uliopita tulifika tukakuta nafasi ya kwanza ina gari tupu, limefungwa. Ya pili ilikuwa na gari linaunguruma, vioo juu, taa za tahadhari zinawaka na kuzima, matairi ya upande mmoja yamekanyaga mistari. Nikagonga kioo.

"Kaka, samahani, naomba utupishe, nina mgonjwa."

"Dada, mimi sijapaki. Nimesimama tu, namsubiri mtu yuko dirisha la dawa, anatoka sasa hivi."

Kijana hakuwa na kiburi. Alipomwona mama alishuka, akamwamkia shikamoo, kisha akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Niwasaidie kumbeba mama?"

Mama akaitikia marahaba, halafu akamwambia, "Sibebwi, baba. Sogeza gari."

Nataka kulizungumzia hilo neno, "nimesimama tu". Nimelisikia kwenye mageti ya watu, kwenye vituo vya daladala, mbele ya shule, na sasa hospitalini. Anayelisema huwa anaamini kweli kwamba hajakosa. Kwake yeye kupaki ni kuzima gari, kufunga milango na kuondoka. Maadamu amekaa kwenye usukani na injini inanguruma, basi amesimama tu, na kusimama hakuna kosa.

Sivyo. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani uliosainiwa Vienna mwaka 1968 unayatenganisha mambo haya kwa kuangalia kazi ambayo gari linafanya pale lilipo. Likisimama kwa muda ule tu unaohitajika kupakia au kushusha watu au mizigo, hilo limesimama. Likizidi hapo, na si kwa sababu ya foleni, taa au kukwepa ajali, hilo limeegeshwa. Jimbo la California, Marekani, limeliandika jambo hili wazi zaidi: gari lililotulia bila kuwa katikati ya kupakia au kushusha limeegeshwa, liwe na mtu ndani au lisiwe naye. Ujerumani wameweka mpaka unaohesabika kwa saa ya mkononi: ukitoka ukaliacha gari, au ukisimama zaidi ya dakika 3, umeegesha.

Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, yule kijana alikuwa amepaki. Hapakuwa na mtu anayepanda wala anayeshuka. Mtu wake alikuwa kwenye foleni ya dawa, na foleni ya dawa tunaijua.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Watu wa pwani walikuwa wakiegesha vyombo kabla ya magari kufika. Chombo kikiegeshwa kimesogezwa kando ya gati au ufukwe, kimetulia hapo, hata kama nahodha na mabaharia wote wamo ndani wanakunywa kahawa. Hakuna mtu bandarini ambaye angesema chombo hakijaegeshwa kwa kuwa nahodha bado yumo.

Nadhani tumelipata wazo hili kwa sababu ya woga. Gari lisilo na mtu ndilo linalofungwa mnyororo, ndilo linalovutwa na brekidauni. Ukibaki ndani, trafiki akija unasogea mita kumi, akipita unarudi. Basi kukaa ndani ya gari kukawa kinga ya faini, na kinga ya faini tukaigeuza haki. Taa za tahadhari nazo tumezipa kazi isiyo yake. Zipo ili kuwaonya wengine kwamba gari limeharibika au kuna hatari mbele. Kuziwasha mahali palipokatazwa hakupafanyi paruhusiwe.

Naandika haya nikijua kwamba kabla mama hajaugua nilifanya hivyohivyo mara nyingi. Nilikuwa namsubiri mume wangu nje ya benki, gari likiwa mbele ya ngazi na mteremko wa kitimwendo, injini inawaka, mimi nasoma ujumbe kwenye simu. Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kushindwa kupita kwa ajili yangu, kwa sababu sikuwahi kuinua kichwa nikaangalia.

Sisemi watu wasisimame. Mji hauwezi kuishi bila magari kusimama. Mwenye duka Kariakoo lazima ashushe marobota yake, bibi mwenye mzigo lazima ashuke karibu na anakokwenda, na mahali palipoandikwa usipaki mara nyingi inaruhusiwa kabisa kusimama, kumshusha mtu na kuondoka. New York wana ngazi tatu kwenye vibao vyao. Pa kwanza huruhusiwi kuegesha, lakini unaweza kusimama kidogo kushusha mizigo na watu. Pa pili unashusha au kupandisha watu tu, mzigo hapana. Pa tatu husimami kabisa. Mimi naona huo ni utaratibu wenye akili, kwa sababu unakiri kwamba mahali hapafanani.

Mahali pa tatu ndipo penye uzito. Chukua kivuko cha waenda kwa miguu, zebra yetu ya kawaida mbele ya shule ya msingi. Bajaji inasimama hatua mbili kabla ya mistari, inashusha abiria mmoja, sekunde kumi tu. Kwa maana ya mkataba hiyo imesimama kweli, haijaegeshwa. Lakini mtoto wa darasa la pili mwenye begi kubwa mgongoni anaanza kuvuka mbele ya ile bajaji, na dereva anayekuja nyuma haoni kitu mpaka kichwa cha mtoto kinapochomoza. Mtoto naye haoni gari. Hapo sekunde kumi zinatosha, na dereva wa bajaji hatajua kama ni yeye aliyeziba. Ndiyo maana Ujerumani sheria inakataza hata kusimama juu ya kivuko na mita 5 kabla yake. Lango la magari ya zimamoto nalo liko kundi hilohilo, maana hakuna anayejua moto utawaka dakika gani.

Nafasi ya watu wenye ulemavu naiweka kundi hilo pia. California inakataza kuegesha na hata kuliacha gari limesimama kwenye nafasi hiyo bila kibali, na inakataza vilevile kwenye ile mistari ya pembeni. Ile mistari wengi wanaidhani ni pambo, au nafasi ya pikipiki. Nieleze inafanya kazi gani.

Mlango wa mama lazima ufunguke mpaka mwisho, nusu haitoshi. Nafungua kitimwendo, nakisogeza karibu na siti kikiwa mshazari kidogo, nafunga breki za magurudumu yote mawili, nakunja vikanyagio vya miguu. Mama anatoa mguu wa kushoto, ule wenye nguvu. Mguu wa kulia anaushika suruali kwa mkono wa kushoto na kuuvuta nje. Anakishika kiti mkono. Mimi nasimama mbele yake, magoti yangu yakizuia magoti yake yasiteleze. Anahesabu mwenyewe, "moja, mbili," anainuka, anageuka, anakaa. Siku njema inachukua dakika nne. Hiyo yote inatendeka juu ya ile mistari. Marekani, ambako sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1990, eneo hilo linatakiwa liwe na upana usiopungua futi 5, yaani karibu mita moja na nusu, na nikimtazama mama naelewa futi hizo zilitoka wapi.

Gari likikanyaga mistari kwa tairi moja tu, mlango haufunguki wote, na mama anabaki na njia moja, kubebwa. Kijana alidhani kubebwa ni msaada. Mama alijifunza kuinuka tena kwa miezi saba ya mazoezi. Kumbeba ni kumnyang'anya miezi hiyo saba mbele ya watu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kufikika kwa majengo ya umma kumo katika vyote viwili. Ninachoomba ni kidogo sana, rangi na maneno. Hospitali, benki na ofisi zenye nafasi hizi ziandike "USISIMAME" badala ya "USIPAKI", kwa sababu neno la pili limeshapata mlango wa kutokea. Mistari ya pembeni iandikwe kabisa kwamba ni ya kushushia kitimwendo. Na mlinzi apewe mamlaka ya kumwambia mwenye gari linalounguruma aondoke, hata kama ni gari la bosi, bila kuogopa kazi yake. Mlinzi wa siku ile alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Aliniambia baadaye kwa sauti ya chini, "Dada, nikimwambia dereva ananijibu hajapaki, mimi nitasema nini?"

Yule kijana alisogea. Alirudi nyuma taratibu, akasubiri upande wa pili wa lango, na tulipokuwa tunaingia nilimwona bado yuko kwenye usukani anatutazama. Mtu wake alikuwa hajatoka. Mama alishahesabu moja, mbili, akakaa, tukapita naye mlangoni.

Kliniki nyingine ni Alhamisi ijayo. Tumekubaliana kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili tuikute ile nafasi ikiwa wazi.