Ukiona "Berlin" kwenye ratiba ya meli, uliza gati liko wapi

Berlin haina bahari. Lakini kila kiangazi meli za kitalii zinauza safari za Bahari ya Baltiki zenye jina la Berlin katikati ya orodha ya miji, na wazazi wanalilipia. Meli yenyewe inafunga gati Warnemünde, kitongoji cha Rostock, na kutoka pale hadi Berlin ni kilomita zipatazo 230. "Paris" kwenye ratiba ni Le Havre. "London" mara nyingi ni Southampton, "Bruges" ni Zeebrugge, na "Stockholm", hasa kwa meli kubwa, huwa ni Nynäshamn, karibu kilomita 60 kusini mwa mji.

Sisemi safari hizi ni mbaya. Kwa familia yenye watoto wadogo sijui kama kuna njia nyepesi zaidi ya kuona miji minne mitano: mabegi yanafunguliwa mara moja, kitanda hakibadiliki, na asiyetaka samaki atapata tambi. Kosa ni kuchagua meli kwa majina ya miji. Unachonunua hasa ni saa za nchi kavu, na hizo hazijaandikwa kwenye tangazo.

Tupige hesabu ya Nynäshamn. Ratiba inasema meli inafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, kwa hiyo unaona saa tisa. Abiria wanatakiwa wawe wamerudi nusu saa kabla ya kung'oa nanga, basi mwisho wako ni saa 10 na nusu. Kushuka na watoto, kwa foleni ya lifti na ya mlangoni, kunakula dakika 45. Kutembea hadi stesheni, kusubiri treni, kukaa ndani yake kama saa nzima, kisha kupanda tramu ya kwenda Djurgården, kisiwa chenye makumbusho: weka saa moja na dakika 45. Ni saa 4 na nusu ndipo mnafika. Ili mrudi na akiba ya dakika 45 treni ikichelewa, lazima muanze safari ya kurudi saa 8 mchana. Zile saa tisa zimebaki tatu na nusu. Zinatosha makumbusho ya Vasa, ile meli ya kivita iliyozama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961, pamoja na chakula cha mchana. Chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio. Ukiongeza jumba la mfalme na mji mkongwe, mtazunguka mnakimbizana na mtoto analia.

Berlin ni mbaya zaidi. Kwa basi ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi, na ziara inayouzwa melini mara nyingi inapita dola 150 kwa kichwa. Zidisha kwa wanne. Jambo moja la haki niliseme: ukiwa kwenye ziara ya meli na basi likachelewa, meli inasubiri, ukijiendea mwenyewe haisubiri. Lakini kwa mtoto wa miaka sita, kukaa kitini saa sita ili aone lango la Brandenburg kupitia dirishani si utalii. Bakini Warnemünde. Ufuko mpana wa mchanga mweupe uko umbali wa kutembea tu kutoka gatini, umejaa viti vya kikapu vyenye paa, vinavyokaliwa na watu wawili na kukinga upepo. Kiti cha namna hiyo kilisukwa kwanza Rostock mwaka 1882 na msusi wa vikapu Wilhelm Bartelmann, na mwaka uliofuata mkewe akaanza kuvikodisha papo hapo Warnemünde. Kwenye mfereji wa Alter Strom mashua zinauza mikate iliyojazwa samaki. Wakichoka na mchanga, kuna treni ya mvuke, Molli, inayopita katikati ya mtaa wa mji mdogo wa Bad Doberan huku watu wakinywa kahawa pembeni. Unafika huko kwa treni kupitia Rostock.

Bandari zinazostahili jina lake ni Tallinn na Helsinki. Tallinn unashuka melini na kwa dakika 20 za miguu uko ndani ya kuta za mji mkongwe. Ila acha melini kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo: mawe ya barabarani yana nafasi katikati, magurudumu ya mbele yananasa na kigari kinageuka upande, na njia ya kupanda Toompea, kilima cha mji mkongwe, ni mwinuko mkali. Mbeleko inashinda kigari chochote hapo. Helsinki, nenda uwanja wa soko wa Kauppatori upande feri ya Suomenlinna, ngome ya kisiwani iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Ni dakika 15 hadi 20, na tiketi ya kawaida ya usafiri wa mjini inatosha. Chukua tochi, maana mahandaki ya ngome ni giza na watoto hawatataka kutoka humo.

Kujua gati kabla ya kulipa si kazi kubwa. Mamlaka za bandari kama Copenhagen, Rostock, Tallinn na Helsinki huchapisha kalenda ya meli za kitalii kwenye tovuti zao. Tafuta jina la meli na tarehe. Utaona itafunga wapi na siku hiyo kuna meli nyingine ngapi. Copenhagen, kwa mfano, gati la Langelinie liko karibu na sanamu ya nguva, lakini Oceankaj ni nje kidogo na unahitaji basi au metro. Meli tatu nne siku moja zinamaanisha foleni ya teksi pia.

Kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda, viza ndiyo inayoharibu safari nyingi, na kuishi Uingereza hakukuondolei hitaji hilo. Safari inayoanza na kuishia Copenhagen, ikipita Ujerumani, Estonia, Finland na Sweden, yote iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Ikipenyezwa bandari moja ya Uingereza katikati, umetoka Schengen: unahitaji viza ya Uingereza na Schengen ya kuingia mara nyingi. Kosa hili hugundulika kaunta ya meli siku ya kuondoka, na kusema "sisi tutabaki ndani" hakusaidii. Ombi linapelekwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, nchi mnayoingilia. Linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya hapo bure. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mzazi mmoja akisafiri na watoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Saa nayo ina mtego. Kiangazi, Helsinki na Tallinn zina saa ileile ya Nairobi na Dar es Salaam. Stockholm, Copenhagen na Rostock ziko nyuma kwa saa moja. Simu hujibadilisha yenyewe, meli huenda isibadilishe. Saa ya mkononi ya bei ndogo, iliyowekwa kwa saa ya meli na isiyoguswa, inamaliza ubishi.

Mengine kwa kifupi. Chakula halali kiombwe kwa maandishi wiki kadhaa kabla, si mezani. Mtoto wa nepi haruhusiwi kwenye bwawa katika meli nyingi. Na watoto wanawe kwa maji na sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi haiwezi vizuri virusi vya kuhara vinavyosambaa melini.

Kama bei imekushinda, feri za kawaida zipo. Helsinki hadi Tallinn ni saa mbili, kama boti ya kasi ya Dar na Unguja. Stockholm hadi Helsinki unalala njiani, kabini moja ya watu wanne, na feri inakushusha Helsinki kwenyewe, asubuhi, na hakuna anayekuambia urudi saa 10 na nusu.