Tui si maziwa: lozi, soya na kikombe cha mtoto

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, sauti imejaa wasiwasi. "Dada, huyu mtoto maziwa yanamkataa. Anaharisha siku ya tatu leo. Nimeambiwa nimwachishe ya ng'ombe, nimpe ya lozi." Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Shoga yake wa kazini alikuwa amemweleza kwamba maziwa ya ng'ombe ni chakula cha ndama, kwamba sisi Waafrika hatukuumbiwa kuyanywa, na kwamba Ulaya watu wameshayaacha. Boksi la lita moja lilikuwa tayari kwenye friji.

Nikamwomba anisomee lebo. Maji yalitajwa kwanza, kisha sukari, kisha lozi, asilimia mbili na nusu. Protini: nusu gramu kwa kila mililita 100. Maziwa ya ng'ombe yana gramu tatu na zaidi kwa kiasi hichohicho. Nikamwambia alirudishe friji, ampeleke mtoto zahanati kwanza. Baada ya simu ile nimeendelea kulifikiria jambo hili, kwa sababu shoga yake hakusema uongo mtupu. Mengi aliyoyasema ni kweli. Tatizo ni kwamba aliyasema kuhusu watu wazima, nasi tulikuwa tunazungumzia mtoto.

Kwetu pwani kukamua kinywaji cheupe kutoka kwenye mmea si jambo geni hata kidogo. Nimekua nikikalia mbuzi, nakuna nazi, nakamua kwa kifumbu, la kwanza zito linawekwa kando, la pili jepesi linatangulia jikoni kupikia wali au samaki. Lakini hakuna mama niliyemjua aliyeliita maziwa. Liliitwa tui, na lilikuwa na kazi zake: mchuzi, maharage, uji wa mchele wakati wa Ramadhani. Mtoto akikosa maziwa, hakuna aliyedhani tui litayafidia. Lugha yetu ilivitenga vitu hivi viwili mapema kabisa. Ulaya ilibidi wapelekane mahakamani: Juni 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya TofuTown, iliamua kwamba jina la maziwa lisitumike kuuzia vinywaji vya mimea, isipokuwa kwa majina machache yaliyozoeleka. Leo madukani kwetu maboksi yanasema "maziwa ya nazi", "maziwa ya lozi", "maziwa ya oti", na mzazi aliyechoka anayasoma kama yalivyoandikwa.

Sasa niwape haki wanaoyakimbia maziwa ya ng'ombe, maana hoja zao zina uzito.

Ya kwanza ni tumbo. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na ili mwili uitumie unahitaji kimeng'enya cha laktasi. Kila mtoto huzaliwa nacho, isipokuwa wachache sana. Baada ya miaka ya kunyonya, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua, na mtu mzima akinywa glasi nzima ya maziwa tumbo linajaa, linaunguruma, pengine anaendesha. Huo si ugonjwa, ndivyo miili mingi ilivyo. Waliobaki na uwezo huo ukubwani ni wa jamii zilizoishi na mifugo kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana badiliko lao la kinasaba, tofauti na lile la Wazungu, lililojitokeza kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo Mmasai anayemaliza kibuyu bila shida na mtu wa pwani anayeshikwa tumbo kwa kikombe kimoja wote wako sawa. Mimi mwenyewe ni wa kundi la pili. Niliacha chai ya maziwa miaka mingi iliyopita, na sioni nilichopoteza.

Hata hivyo, hapa shoga yake mdogo wangu aliruka hatua. Kati ya kunywa maziwa matamu yaliyochemshwa na kuyaacha kabisa kuna njia ambayo bibi zetu waliijua: kuyagandisha. Bakteria wanaoyagandisha maziwa hula sehemu ya laktosi, ndiyo maana wengi wanaosumbuliwa na maziwa matamu hunywa mgando na kulala salama. Wakalenjin wana mursik yao inayoiva kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, Kenya nzima ina mala, sisi tuna mtindi. Protini imo, kalsiamu imo, bei ni ileile au imepanda kidogo. Anayeacha maziwa kwa sababu ya tumbo bila kujaribu mtindi ameacha mengi kuliko ilivyomlazimu.

Hoja ya pili ni usalama, na hii inaniuma zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa yetu huuzwa mabichi, kwenye madumu, bila kupita kiwandani. Yasipochemshwa huleta homa ya kutupa mimba, kifua kikuu cha ng'ombe na kuhara. Kuchemsha kunamaliza hayo, lakini hakuondoi maji yaliyoongezwa, wala mabaki ya dawa, wala sumukuvu. Ng'ombe akilishwa pumba au mahindi yaliyoota ukungu, sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na moto wa jiko hauigusi. Sumukuvu si kitu cha kuchukulia kirahisi: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye ukungu yaliua watu 125. Lakini basi tuwe wakweli pande zote. Karanga, lozi na korosho nazo huota ukungu uleule zikihifadhiwa vibaya. Mama anayesaga karanga za sokoni ili amkwepeshe mtoto sumu ya maziwa anaweza kuwa anampa nyingi zaidi.

Ya tatu ni mazingira. Uchambuzi mkubwa wa Joseph Poore na Thomas Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba ya nchi nyingi, ulionyesha kwamba lita moja ya maziwa ya ng'ombe kwa wastani wa dunia hutoa gesijoto takriban kilo tatu, na hutumia maji lita 628. Kinywaji cha soya hutoa kama kilo moja na kutumia maji lita 28. Cha lozi hutoa gesi pungufu hata kuliko cha soya, ila maji yake ni lita 371. Huku kwetu hesabu ya ng'ombe ni mbaya zaidi, maana FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2010 ilikadiria kilo 7.5 za gesi kwa kila kilo ya maziwa kusini mwa Sahara, dhidi ya wastani wa dunia wa 2.4. Sababu yenyewe ni rahisi: ng'ombe wetu hutoa lita chache kwa siku, huku akicheua na kutoa gesi kama wenzake.

Takwimu hiyo nimeona ikitumiwa kumlaumu mfugaji mdogo, na sikubaliani nayo ikitumiwa hivyo. Ng'ombe wa Hai kule Kilimanjaro, au wa Kiambu nchini Kenya, hapimwi kwa maziwa peke yake. Anatoa samadi inayolisha migomba na kahawa, analipa ada ya shule, ndiye akiba ya nyumba siku ya msiba. Ukigawa gesi yake kwa lita za maziwa tu, umemwandikia maziwa deni la vitu vyote hivyo. Na boksi tunaloambiwa tulinunue badala yake mara nyingi lina lozi za California, ambako hutoka sehemu kubwa kabisa ya lozi za dunia, katika jimbo linalokumbwa na ukame mara kwa mara. Kumlisha vizuri ng'ombe aliyepo hadi lita tano ziwe kumi kunapunguza gesi kwa kila lita, na fedha zinabaki kijijini.

Kuna pia wanaoacha kwa huruma, kwa sababu ya ndama anayetengwa na mama yake ili maziwa yauzwe. Hoja hiyo siibishi. Mtu mzima mwenye dhamiri ya namna hiyo ana haki ya kuifuata, na nazungumza naye kama ninavyozungumza na aliyefunga.

Lakini mtoto hakuchagua.

Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu. Watoto wengi wa nchi hii hawali nyama kila wiki, yai ni la kuuza, na kwa baadhi yao kikombe cha maziwa ndicho chakula pekee kinachotokana na mnyama wanachokipata mara kwa mara. Ukikitoa kikombe hicho hutoi kinywaji, unatoa protini iliyokamilika, kalsiamu, na vitamini B12 ambayo mimea haina.

Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuuazima mbali. Embu, Kenya, kuanzia mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann waligawa shule 12 za msingi katika makundi. Watoto wa darasa la kwanza wa kundi moja walipewa githeri yenye mafuta, wengine githeri na nyama, wengine githeri na kikombe cha maziwa, na kundi la mwisho halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Maziwa yaliwaongezea urefu watoto wadogo na wale waliokuwa wamedumaa. B12 iliongezeka kwa makundi yote mawili ya vyakula vya wanyama. Githeri, mkumbuke, ni mahindi na maharage, chakula kizuri cha mimea chenye protini. Peke yake haikutosha.

Na upande wa pili wa shilingi ulionekana Marekani. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta waliripoti watoto wawili wadogo waliolazwa hospitali: mmoja aliyekuwa akipewa kinywaji cha mchele alipata unyafuzi, mwingine aliyekuwa kwenye kinywaji cha soya kisichoongezwa virutubisho alipata matege. Unyafuzi, ugonjwa tunaouhusisha na njaa, katika nchi tajiri, kwa mtoto ambaye wazazi wake walidhani wanampa maziwa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya afya vya huko, kikiwamo cha madaktari wa watoto, vilikubaliana kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano asipewe vinywaji vya mimea badala ya maziwa, isipokuwa soya iliyoongezwa virutubisho, kama ana mzio au familia haili vya wanyama. Aliye chini ya mwaka mmoja kinywaji chake kikuu ni maziwa ya mama. Hata ya ng'ombe hayamfai kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mbadala ukilazimika, na kuna watoto wenye mzio wa kweli wa protini ya maziwa, jina la kuulizia ni soya. Protini yake inakaribia ya maziwa. Oti ina kama gramu moja kwa mililita 100, lozi nusu, na kinywaji cha nazi cha boksi hata nusu hakifikii. Soya inalimwa Ruvuma, Njombe, Iringa. Inalowekwa usiku kucha, inamenywa, inasagwa na maji, inachujwa kwa kitambaa safi, kisha inachemshwa vizuri, tena kwa dakika nyingi huku ukikoroga maana povu lake hupanda ghafla. Kuchemsha huku si hiari: soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ila soya ya nyumbani haina kalsiamu ya kutosha wala B12. Kalsiamu utaipata kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na dagaa hao wana B12 pia. Mchicha hauna msaada mkubwa hapo, kalsiamu yake imefungwa mwili usiweze kuichukua. Kama soya ni ya boksi, soma kama virutubisho vimeongezwa, na tikisa kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu hutuama chini.

Bei nimeiacha mwisho kwa kuwa haina mjadala mrefu. Lita ya kinywaji cha lozi kilichotoka nje inagharimu zaidi ya mara mbili ya maziwa ya pakiti. Kinachonisikitisha ni kwamba korosho zetu za Mtwara na Lindi nyingi zinasafirishwa ghafi, na siku moja tutazinunua zikirudi kama kinywaji ndani ya boksi. Viwanda vya hapa vikianza kutengeneza vinywaji hivi, kama vingine vilivyoanza, ningependa TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wadai kiwango cha kalsiamu na B12, na onyo la umri liandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Zahanati walimkuta mtoto na maambukizi ya tumbo. Alipewa chumvichumvi za kurudisha maji na vidonge vya zinki, na baada ya siku chache kuhara kukakoma. Maziwa hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa la maji ya kunywa. Sasa anakunywa maziwa yaliyochemshwa asubuhi na mtindi jioni. Mama yake ndiye aliyegundua, akiwa anamwangalia mtoto, kwamba tumbo linalounguruma kila baada ya chai ya maziwa ni lake yeye. Amehamia chai ya rangi yenye tangawizi. Boksi la lozi alilimalizia kwenye uji wake mwenyewe.