Fundi, fungua kava kwanza

Kinachoniuma ni mafundi wanaokimbilia kupiga Windows upya, yaani kuweka upya programu inayoendesha kompyuta, kabla hata ya kushika bisibisi. Kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa inawaka, feni inazunguka, inalia pii, pii, pii, kioo cheusi tii. Fundi akanijibu, "Hapa ni kupiga Windows tu, dada." Kwani Windows ndiyo inayolia? Mlio ule unatoka kwenye bodi, ile saketi kuu ya ndani, kabla diski yenye Windows haijaguswa!

Nikairudisha nyumbani. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, nikairudishia mahali pake na kuibana mpaka ikalia "ta". Kioo kikawaka palepale. Diski ile ina picha zote za marehemu mama, jamani, na kupiga Windows kungeweza kuzifuta, lakini fundi hakuniuliza hata kama nimezihifadhi kwingine.